Sura za viongozi kwenye mabango ya miradi: hoja ya baraza la madiwani iandikweje?

Mwana_Igoma
Wakuu, habari za Jiji la Miamba, Mwanza. Kuna diwani wa huku Nyamagana anataka kupeleka hoja barazani: fedha za halmashauri zisichapishe sura wala majina ya viongozi kwenye mabango, fulana, kalenda na mfano wa hivyo. Kinachosumbua ni uandishi. Rasimu iliyopo inasema tu "ni marufuku kiongozi kujitangaza kwa fedha za umma". Mtu wa kwanza kusimama atauliza kujitangaza ni nini, na hoja itafia hapo. Je, itungwe sheria ndogo au azimio linatosha? Na kikomo kikae wapi hasa?

Kasma_na_Vocha
Sheria ndogo iacheni kwanza. Inataka kutangazwa kwa wananchi, kusubiri pingamizi, kibali cha Waziri wa TAMISEMI, kisha Gazeti la Serikali. Diwani wenu anaweza kumaliza muhula akiwa bado anaisubiri. Azimio lililofungwa pamoja na bajeti linafika haraka zaidi, maana bajeti za halmashauri hupita barazani kama Januari au Februari. Lipitieni Kamati ya Fedha mapema, msilirushe kwenye baraza siku ya mwisho.

Sasa kikomo. Rasimu nyingi za namna hii hudhani fedha zimekaa kwenye kasma (fungu la bajeti) ya matangazo na uchapishaji. Ukiikata hiyo umekata kidogo. Gharama ya sura hujificha ndani ya mradi wenyewe: kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) ya madarasa utakuta "bango la mradi" ndani ya gharama za awali, limewekewa bei ya mkupuo, bila kipimo. Hapo mkandarasi anaambiwa atengeneze bango la mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18, wakati mita 1.2 kwa 2.4 (hazifiki hata 3) zinatosha kusomwa kutoka barabarani. Zile 15 za ziada ni uso wa mtu. Tofauti hiyo haionekani popote kwenye vitabu, kwa sababu fedha imetoka kwenye darasa.

Mlango mwingine ni "uhamasishaji" na "uzinduzi". Humo mna fulana, kofia, maturubai, muziki, mafuta ya magari, na ile hundi ya mfano kubwa kama mlango siku ya kugawa mikopo ya asilimia 10. Mikopo ile ni takwa la sheria, inatoka kwenye mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hakuna aliyetoa mfukoni mwake.

Kwa hiyo azimio lisihukumu nia ya mtu, lishike vocha, yaani hati ya malipo. Andikeni hivi: "Malipo ya bango, chapisho, vazi au tangazo lolote hayatafanyika bila sampuli yake, au picha yake ikiwa imesimikwa, kuambatishwa kwenye hati ya malipo, na sampuli hiyo haitakuwa na picha, jina wala kaulimbiu ya mtu aliye madarakani." Mhasibu akilipa bila kiambatisho, mkaguzi wa ndani ana pa kushika. Malipo yenye viambatisho pungufu ni hoja ya ukaguzi ya kawaida kabisa chini ya Memoranda ya Fedha ya 2009, hahitaji kubishana kujitangaza ni nini. Ongezeni pia vipimo vya bango kwenye BOQ zote, na marufuku ya kugawa oda moja ya fulana kuwa tatu ili zipite chini ya kiwango kinacholazimu zabuni ya ushindani.

Mzee_wa_Kirumba
Sawa, lakini mwananchi atamjuaje aliyehusika? Mradi ukiharibika tumshike nani? Na jiwe la msingi nalo mtafuta jina?

Kasma_na_Vocha
Shikamoo mzee. Wa kumshika anatajwa kwenye bango: jina la mradi, chanzo cha fedha, thamani ya mkataba, mkandarasi, msimamizi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ajabu ni kwamba bango lenye sura kubwa ndilo mara nyingi halina thamani ya mkataba. Jiwe la msingi liruhusiwe, moja kwa mradi, liwe na cheo, jina na tarehe, bila picha. Mkilipiga marufuku mtagombana na itifaki bure na hoja nzima itaanguka.

Wakili_Ziwani
Naongeza mawili. Msifungue orodha ya vyeo vinavyosamehewa. India, Mahakama ya Juu mwaka 2015 iliruhusu picha za Rais, Waziri Mkuu na Jaji Mkuu pekee kwenye matangazo ya serikali; mwaka 2016 ikalegeza, wakaingia magavana, mawaziri wakuu wa majimbo na mawaziri. Brazil katiba yao ya 1988, ibara ya 37, haina orodha: jina, alama au picha inayomkweza mtumishi hairuhusiwi kwenye matangazo ya umma. Hata hapa kwetu, Novemba 2015 Ikulu ilipozuia kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za serikali, kilitajwa kitu chenyewe, kadi, na kila ofisi ikaelewa.

La pili, Mfuko wa Jimbo. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake kwa sheria ya 2009, lakini fedha ni ya serikali. Neno "msaada wa Mheshimiwa" kwenye jezi au mabati ndilo la kukataa. Liandikwe "Mfuko wa Jimbo" basi.

Mwana_Igoma
Asanteni sana. Tukitaka kuona hali ilivyo kabla ya kupeleka hoja?

Wakili_Ziwani
Ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ukomo wa kujibiwa ni siku 30. Msiombe "matumizi ya kujitangaza", mtajibiwa hayapo. Ombeni ukurasa wa gharama za awali kwenye BOQ, hati ya malipo na viambatisho vyake, kwa mradi mnaoutaja kwa jina na mwaka wa fedha. Miradi mitatu inatosha. Barua igongwe muhuri wa masjala, nakala mbaki nayo.