Hoteli za kishua Dar, wekeni bei kamili kwa shilingi! Nimechoka na "njoo inbox"

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la utalii ukafie huko, maana hili sio suala la watalii, ni suala la Mtanzania na hela yake ndani ya nchi yake mwenyewe.

Nimekasirika na sitaficha. Wiki tatu nimehangaika na hoteli moja ya mjini kati Dar, zile hoteli mpya za kisasa zenye vyumba vichache, taa za njano, kuta za saruji isiyopakwa rangi, viti vya ukili, picha kali Instagram. Jina silitaji, nadaiana nao bado na sitaki waje kusema nimewachafua. Ila nitasimulia kila kitu kilivyokuwa.

Wazee wangu wapo Moro. Mwezi huu wa nane wanatimiza miaka 41 ya ndoa, walioana 1984. Mzee alisoma ualimu pale Chang'ombe zamani hizo na kila Jumapili alikuwa anatembea kwa mguu mpaka Magogoni kuangalia meli zinavyoingia. Wanaopajua wanajua, ule mlango wa bandari ni mwembamba, meli kubwa inapita unaona mpaka nguo za mabaharia zilizoanikwa. Hiyo stori katuhadithia tangu tuko wadogo na mama kila akisikia anasema "mi hunipeleki". Mama ana miaka 67, kalea watoto sita, hajawahi kulala hoteli hata siku moja maishani mwake, akisafiri ni kwa msiba au kwenda kumuuguza mtu na analala chini kwenye mkeka na wenzake. Kwaiyo mimi na wadogo zangu tukachanga. Usiku mbili, chumba kimoja kizuri kinachotazama bahari, waamke asubuhi wafungue pazia waone meli. Basi. Sikutaka kitu kingine.

Usafiri ulikuwa kazi ya dakika tano. Treni ya SGR Moro mpaka Dar ni 13,000 kwa mtu, imeandikwa 13,000 na unalipa 13,000. Hakuna mtu aliyeniambia njoo inbox nikupe nauli.

Sasa njoo kwenye hoteli. Ukurasa wao una picha zaidi ya mia tatu na hakuna hata moja yenye bei. Watu wameuliza huko chini kwenye komenti "bei gani?" na kila mmoja kajibiwa "check inbox mpendwa". Hivi bei ni siri ya nini? Muuza nyanya sokoni anapanga fungu na unajua fungu ni shingapi, ninyi mna jengo la ghorofa tano mnaogopa kuandika namba? Nikaenda inbox. Kitu cha kwanza nikaulizwa natokea wapi, cha pili nafanya kazi gani. Nikajibu kwa adabu, Dodoma, mtumishi. Ndo nikaambiwa dola 150 kwa usiku na breakfast ndani.

Nikasema sawa, ghali lakini ni mara moja. Nikapiga hesabu, siku hiyo dola benki ilikuwa kama 2,550, usiku mbili inakuja 765,000. Tulikuwa tumechanga laki nane, nikaona tumepona. Nikawaambia wadogo zangu kimeeleweka, mmoja akampigia mama akamwambia, mama siku ileile akaenda kwa fundi kushona kitenge.

Kabla ya kulipa nikauliza maswali matatu na skrinshoti ninazo. Kuna lifti? Maana mama ana magoti, ngazi anapanda moja moja akishikilia ukuta. Nikajibiwa "ipo boss". Siku ya pili nikauliza tena, lifti inafanya kazi? "Inafanya kazi vizuri boss." Chumba kinaona bahari? "Full bahari boss." Nikaomba wanitumie video ya chumba chenyewe, wakanitumia picha zilezile za Instagram.

Proforma, yaani ankara ya awali kabla hujalipa, ikaja. Naiweka hapa muone, namba ni za kwao:

Chumba, usiku mbili, dola 300. Nyongeza ya kutazama bahari dola 25 kwa usiku, 50. Breakfast ya mtu wa pili dola 15 kwa siku, 30. Jumla ndogo 380. VAT asilimia 18, dola 68.40. Jumla kuu dola 448.40. Na chini kabisa kwa maandishi madogo: malipo kwa shilingi yatahesabiwa kwa 2,800.

1,255,520.

Wakuu, kutoka 765,000 mpaka milioni moja na laki mbili na nusu na sijabadilisha hata kitu kimoja. Chumba kilekile, siku zilezile, watu walewale wawili niliowataja tangu meseji ya kwanza! Nilisema ni wazazi wangu, baba na mama. Sasa mtu akikwambia breakfast ipo ndani, na anajua wanakuja wawili, we utaelewa kwamba mmoja anakula mwingine anamwangalia? Na bahari nayo inalipiwa pembeni wakati ndo kitu cha kwanza nilichokiulizia.

VAT sina ugomvi nayo, kodi tulipe, mimi mwenyewe nakatwa kila mwezi. Ugomvi wangu ni kwamba walijua ipo toka siku ya kwanza. Ukienda kununua friji Kariakoo ukaambiwa bei, ukifika kaunta wanakuongezea 18 juu? Mtataka kupigana. Kwanini hotelini tukubali?

Na hiyo 2,800. Hiyo rate imetoka wapi? Benki siku hizo haikufika hata 2,600. Kwenye dola 448.40 hiyo tofauti ya shilingi 250 peke yake ni 112,100 imeenda hewani, sio chumba, sio chakula, sio kodi. Ni hela wanayopata kwa sababu tu wameamua kuandika dola.

Hapa ndo nataka tuelewane vizuri, maana kuna watu wanadhani hili ni jambo la kawaida na hoteli nzuri lazima iwe kwa dola. Sio kawaida tena, ni KOSA. Kuna Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, Tangazo la Serikali namba 198, zimeanza 28 Machi 2025. Zinakataza kutangaza au kunukuu bei ya bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni humu nchini, na zinakataza kumlazimisha mtu alipe kwa hizo fedha. Kuna vitu vichache vimeachwa nje, kama malipo ya balozi, mikopo ya benki ya fedha za kigeni, maduka ya duty free. Chumba cha kulala cha mama yangu hakimo humo. Hata mtalii mwenyewe Benki Kuu (BoT) walishasema abadilishe hela benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, au alipe kwa kadi. Sasa mimi wa Dodoma ninayelipwa kwa shilingi nahesabiwa kwa dola kwa ajili ya nani?

Nikamwandikia dada wa mapokezi hivyo hivyo, kwa heshima, nikamtajia na namba ya tangazo. Akasoma. Saa nne baadaye akajibu "boss hiyo ni system yetu tu lakini unalipa kwa shilingi hakuna shida". Yaani kwao sheria imeshatimia kwa sababu mwisho wa siku nimetuma shilingi. Simlaumu yule dada, yeye ni mwajiriwa, anaandika anachoambiwa aandike. Nawalaumu wenye hoteli.

Mtaniuliza kwanini nililipa. Nililipa kwa sababu mama alishashona nguo. Alishawaaga wenzake wa jumuiya. Tiketi zilishakatwa. Ukishafika hapo unajikuta umeshikwa, na wao wanajua umeshikwa, ndo maana proforma haiji mpaka uwe umeshasema tarehe na jina. Wadogo zangu wakaongeza, tukatuma nusu, 627,760, kwa lipa namba. Jina lililotokea kwenye simu sio la hoteli, ni la mtu binafsi. Nikauliza, nikaambiwa ni la mhasibu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mpaka leo sijaiona, halafu asilimia 18 ya kodi nimeandikiwa.

Roho haikutulia. Nina binamu yangu yupo Tabata, Jumamosi nikamwomba achukue boda aende akaone hicho chumba, ajifanye anataka kubuku. Nilichoelezwa nilishindwa kula.

Lifti ipo kweli. Inaanzia ghorofa ya kwanza. Kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti kuna ngazi 19, binamu kazihesabu kwa sababu nilimwambia ahesabu, na hazina cha kushikilia upande wa kulia. Nimeuliza mara mbili, nimeeleza mama ana magoti, na hakuna hata mmoja aliyeona ni vizuri kuniambia kuna ngazi 19 kabla ya lifti. Kama ningejua ningeachana nao siku ya kwanza na kusingekuwa na ubaya wowote, si kila jengo linafaa kila mtu. Waliamua nisijue.

Bahari inaonekana ukisimama dirishani kona ya kushoto ukaegemea. Mbele yako ni ubavu wa jengo la jirani linaloendelea kujengwa na chini yake jenereta. Picha ya Instagram ilipigwa juu kwenye paa.

Na bafu. Bafu ni la kioo. Kioo kitupu, hakina ukungu hakina pazia, lipo hatua tatu kutoka kitandani na choo kipo humohumo ndani. Ndo mitindo ya sasa, naelewa, wapo wanaopenda na ni haki yao. Lakini mimi niliwaambia wanaokuja ni baba na mama yangu, watu wa makamo, wameishi miaka 41 kwa kusitiriana. Mama yangu angeingia pale asingeoga siku mbili, na asingetuambia. Angerudi Moro akasema "nashukuru wanangu, pazuri sana". Hilo ndo lililoniuma kuliko hela. Tungemdhalilisha mama yetu kwa hela zetu wenyewe na tusingejua milele. Kwenye zile picha mia tatu kioo cha bafu hakimo hata moja, kuna sinki, kuna taulo, kuna mshumaa.

Jumatatu nikaomba hela yangu irudi, siku 11 kabla ya tarehe. Nikajibiwa hela ikishaingia hairudi, ni sera ya hoteli, lakini wanaweza kunipa voucha ya kutumia ndani ya miezi sita. Nimepekua meseji zote kuanzia ya kwanza, hiyo sera haipo popote, wala kwenye proforma haipo. Usiku huohuo nikaingia kwenye mtandao wa kubuku hoteli wanaotumia wageni nikaitafuta. Chumba kilekile, tarehe zilezile, dola 138 kodi zikiwemo ndani, breakfast ya watu wawili, na unaruhusiwa kufuta bure mpaka siku mbili kabla.

Someni tena hiyo wakuu. Mtu aliyekaa Ulaya akabonyeza simu anapata bei nafuu, kamili, na uhuru wa kuahirisha. Mimi niliyewaandikia kwa Kiswahili, nikawaeleza shida ya magoti ya mama yangu, nikaulizwa nafanya kazi gani, nimepewa bei ya juu iliyokatwa vipande vipande na hela yangu imefungiwa. Naomba mwenye hoteli yeyote aliyepo humu aje anieleze nimemkosea nini.

UPDATE jioni hii: nimewatumia barua rasmi kwa email na WhatsApp, nimeambatanisha maswali yangu ya lifti na majibu yao. Tiki za bluu zimetokea, majibu hakuna. Nimewapa mpaka Ijumaa, isiporudi 627,760 yote napeleka hii proforma ya dola BoT, suala la risiti napeleka mamlaka ya mapato TRA, na hayo mengine Tume ya Ushindani. Kama kuna mwanasheria humu au mtu aliyewahi kudai hela ya hoteli akarudishiwa, naomba unielekeze nianzie wapi na ilichukua muda gani.

Na tarehe haijabadilika, wazee wanapanda treni Ijumaa ya wiki ijayo, mama hajui chochote na sitaki ajue. Nahitaji hoteli Posta, Kivukoni au hata Upanga, isiwe ya picha, iwe safi, lifti ianzie chini, bafu liwe na mlango, na kama kuna dirisha la kuona meli nitashukuru sana. Anayeijua au anayefanya kazi huko aandike hapa hapa na bei yote kwa shilingi, watu wawili, usiku mbili, kila kitu ndani. Inbox siji.