Mjadala: Ushirikiano wa kufundisha udaktari wa watoto uongozwe na mgeni aliyehamia kwetu, au na mwenyeji?

Mleta mada, daktari wa watoto, Kenya

Ndugu wachangiaji, nawaletea swali ambalo katika hospitali zetu za rufaa hujadiliwa zaidi kwenye vyumba vya chai kuliko kwenye vikao. Chuo kikuu cha ng'ambo kinaposhirikiana na chuo chetu kufundisha madaktari bingwa wa watoto, je, ni sawa uongozi wa ushirikiano huo akabidhiwe daktari mgeni aliyehama kwao akaja kuishi hapa, au nafasi hiyo iwe ya mwenyeji tangu siku ya kwanza? Msimamo wangu nautaja mapema: mgeni aliyehamia hapa ana kazi kubwa ya kufanya wodini na darasani, lakini kuidhinisha bajeti na kuamua mtaala si kazi yake.

Nianze na hoja zinazompa haki mgeni, kwa sababu haki anayo. Mfano mashuhuri ni Eldoret, ambako shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Waasisi wa upande wa Indiana, miongoni mwao Joe Mamlin na Bob Einterz, walishikilia sharti ambalo programu nyingi za aina hii hulikwepa kwa kuwa lina gharama, nalo ni kwamba daktari wao aishi Eldoret mwaka mzima na kupitia wagonjwa pamoja na wanafunzi, asiwe mtu wa kuja kwa wiki mbili, akapiga picha na kuondoka. Mamlin mwenyewe aliishi huko kwa miaka mingi, na mpango wa kutibu VVU uliozaliwa mwaka 2001 kutokana na ushirikiano huo, yaani AMPATH, ulichochewa na wodi zilizojaa wagonjwa waliokuwa wakifa mbele ya walimu na wanafunzi wao.

Kwa udaktari wa watoto hoja hii ina uzito zaidi. Mtoto huletwa saa tisa usiku akihema kwa shida na kifua kikibonyea, na majibu ya maabara hayatapatikana kabla ya asubuhi. Mwalimu aliyezoea hospitali ambako kila dalili hufuatwa na kipimo hana mengi ya kumfundisha daktari wa zamu anayempokea mtoto huyo mpaka naye akeshe katika wodi hiyo. Mafunzo ya siku 5 ya huduma ya dharura kwa watoto, yanayojulikana kama ETAT+, yalikuzwa hapa Kenya kwa kufuata hali hiyo halisi, na waliohusika walikuwa wenyeji pamoja na wageni waliokuwa wakiishi nchini.

Uko pia utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kuongozwa na Kathryn Maitland, daktari Mwingereza aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Kilifi. Utafiti huo ulihusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu, na ulionyesha kwamba wale waliomiminiwa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, kama walivyofundishwa madaktari kote duniani, walikufa kwa wingi zaidi: vifo ndani ya saa 48 vilikuwa takriban asilimia 10.5 kwao, na asilimia 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa maji hayo. Sidhani kwamba swali hilo lingeulizwa kwa uzito huo na mtu anayeongoza kutoka London kwa barua pepe.

Hata hivyo, kuishi hapa ni jambo moja na kuongoza ni jingine, na tumezoea kuyachanganya. Mgeni hulipwa na chuo chake kwa viwango vya kwao, jambo ambalo silioni kuwa kosa. Kinachonisumbua ni kwamba mwenzake mwenyeji, anayebeba mzigo uleule na kuongezewa mihadhara, mitihani na kliniki, mara nyingi huitwa mratibu na kupewa posho, huku akaunti ya fedha ikiwa katika chuo cha ng'ambo na ruhusa ya kununua hata vipima oksijeni ikisubiri saini ya mgeni. Mgeni huyo, watoto wake wakifika umri wa sekondari au likizo yake ya chuo ikiisha, huondoka, na anayemrithi huanza kujifunza upya mambo ambayo mratibu wetu aliyajua tangu mwanzo.

Halafu ipo migomo. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na mwaka 2024 ukatokea mwingine wa wiki 8 hivi. Mgeni mwenye leseni ya muda akiingia wodini wakati huo, ataambiwa anavunja mgomo wa wanafunzi wake mwenyewe. Akibaki nyumbani, ataulizwa alikuja kufanya nini. Kiongozi mwenyeji naye atabanwa, lakini ana chama anachowajibika kwake, ana mwajiri mmoja, na anajua kesho yake itakuwa papa hapa. Naomba maoni yenu.

Daktari wa watoto, Mwanza

Daktari mwenzangu, nimekusoma kwa makini, na sikubaliani nawe pale unapochukulia kwamba mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji, ataongoza vizuri. Shule ya udaktari ilipofunguliwa hapa kwenye hospitali ya Bugando mwaka 2003, walimu wa fani nyingi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na madaktari wa Weill Cornell, chuo cha udaktari cha Marekani, waliokuja kuishi Mwanza walichukua vipindi ambavyo bila wao visingefundishwa. Hebu tuseme ukweli kuhusu wakuu wetu wa idara: mtu huyohuyo ni mhadhiri, ni bingwa wa zamu, ni mjumbe wa kamati nne, na jioni yuko kwenye kliniki yake binafsi kwa sababu mshahara hautoshi kusomesha watoto. Ukimwongezea uongozi wa ushirikiano, utapata jina lake kwenye karatasi na kiti kitupu kikaoni. Mgeni aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu walau atajibu barua.

Muuguzi wa wodi ya watoto, Mombasa

Nawaunga mkono wote wawili kwa sehemu, lakini mnazungumza kama kwamba wodini kuna madaktari peke yao. Katika udaktari wa watoto mgonjwa hajielezi, na anayeeleza ni mama, bibi au shangazi aliyemleta. Nimefanya kazi na wageni wema sana ambao baada ya miaka kadhaa walikuwa bado wanazungumza na mama kupitia kwangu, nami huku naongeza dawa kwenye dripu ya mtoto mwingine. Mwanafunzi anayemtazama mwalimu wa namna hiyo hujifunza kuuliza maswali mafupi yanayotafsirika kwa urahisi, akaacha yale marefu ambayo ndiyo yanayotoa habari: dawa gani ya kienyeji mtoto amekunywa, nani alizuia asiletwe mapema, nauli ilitoka wapi. Kama mgeni anataka kuongoza mafunzo, Kiswahili kiwe sharti la kazi na kisiachwe kuwa jambo la hiari la kujifunza wikendi. Na katika kikao cha kupanga mafunzo, muuguzi mkuu awepo, kwa sababu ndiye anayebaki na madaktari wapya kila mwezi wanapobadilishana wodi.

Mhadhiri, Kigali

Ningependa kuleta mfano wa Rwanda, kwa kuwa ulijaribu kujibu swali hili kwa njia ya fedha. Mwaka 2012 serikali ilianzisha programu ya miaka 7 ya kujenga rasilimali watu wa afya, ambapo vyuo vikuu zaidi ya 20 vya Marekani vilileta walimu wa kuishi Rwanda, udaktari wa watoto ukiwa miongoni mwa fani zilizohusika. Tofauti yake na miradi mingine ni kwamba fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria zilipita kwa Wizara ya Afya ya Rwanda, na vyuo vya Marekani vilikubali kukata asilimia 7 tu kwa gharama za usimamizi, wakati kwa kawaida hukata kiasi kikubwa zaidi. Kwa hiyo mgeni aliishi hapa, akafundisha, akaoanishwa na mwenzake Mnyarwanda, lakini aliyeamua ni fani zipi zipewe walimu alikuwa mwenyeji.

Sitaki kuipamba. Wageni wengi walikaa mwaka mmoja tu, muda ambao mtu anaanza kufahamu njia za kufika maabara ndipo mkataba unapokwisha, na baadhi ya wale waliooanishwa hawakuwa na nafasi ya kukaa pamoja kwa sababu wenzao wenyeji walikuwa wamezidiwa na kazi, kama alivyosema daktari wa Mwanza. Mwaka 2017 fedha za PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na UKIMWI, kwa programu hiyo zilikoma kabla ya miaka 7 kutimia. Wizara kuwa na kalamu ya kuamua hakukuwazuia wenye fedha kufunga mfuko, ila kuliiwezesha kuchagua nini kisalie.

Daktari wa watoto Mkenya, Minnesota

Nami nina la kuuliza. Nimezaliwa Kisii, nimesomea udaktari Nairobi, na sasa nafundisha Marekani, kutoka ambako nashiriki kuongoza ushirikiano na hospitali moja ya kaunti nyumbani. Katika mpango wa mleta mada mimi ni mwenyeji au ni mgeni? Kiswahili na Ekegusii ninavyo, lakini wodini sikeshi.

Pia mmesahau nusu ya kazi. Mwanafunzi wa Marekani akija kwetu humshika mtoto, humsikiliza kifua, hutoa damu chini ya usimamizi. Daktari wetu anayesomea ubingwa akija Marekani kwa miezi miwili husimama nyuma ya kundi kama mtazamaji, kwa sababu sheria za leseni za majimbo hazimruhusu kumgusa mgonjwa, na hapo ni baada ya kupita kwenye tundu la sindano la viza. Mtu wa kugombana na ofisi za chuo kuhusu bima, barua za mwaliko na nafasi za maabara ya kuigiza wagonjwa, ambako walau atashika vifaa, ni lazima aishi huku. Kiongozi anayeishi Eldoret au Mwanza, awe mgeni au mwenyeji, hawezi kuifanya kazi hiyo kwa simu.

Mleta mada

Nawashukuru. Nakubaliana na ndugu yetu wa Minnesota kwamba mabadilishano hayatakuwa ya haki bila mtu mwenye sauti upande wa pili, na kwa kazi hiyo namhesabu kuwa mwenyeji wa huko, jambo ambalo ni faida kwetu. Wodini, hata hivyo, awe mshauri kama mgeni mwingine yeyote, kwa sababu uraia haukeshi na mgonjwa.

Kwa daktari wa Mwanza: picha uliyoichora ya mkuu wa idara ni ya kweli, lakini inaeleza kwa nini anunuliwe muda, haielezi kwa nini apokonywe uongozi. Gharama ya kumhamisha daktari mmoja na familia yake kutoka Marekani, pamoja na nyumba, shule ya watoto na tiketi za kila mwaka, ingetosha kumlipa mhadhiri mwenyeji ili aache kliniki ya jioni na kamati mbili. Sijawahi kuona pendekezo la mradi likiweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje na kliniki za VVU zikatikisika nchini kote, wageni waliokuwa wakiishi nasi walishtuka kama sisi. Kuwepo kwao hapa hakukuwapa nguvu yoyote juu ya uamuzi uliofanywa Washington.

Napendekeza hivi: mkurugenzi awe mwenyeji na alipwe kwa muda wake, mgeni aishi hapa kwa mkataba usiopungua miaka 3, akiwa na Kiswahili cha kuzungumza na mama, na matumizi yote yawe na saini za pande mbili.

Daktari wa watoto, Mwanza

Miaka 3 na Kiswahili naafiki. Saini mbili naziogopa. Mtungi wa oksijeni umeisha Ijumaa jioni, aliye na saini ya pili yuko kwenye mkutano Indianapolis, na wodi ina watoto wachanga sita wanaohitaji hewa. Nani atanunua?

Mleta mada

Mkuu wa wodi, kwa saini yake peke yake, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba kabla ya mgeni yeyote kupanda ndege. Ya mtaala na ajira ndiyo yasubiri saini ya pili.