MJADALA: Spika za ibada kuzimwa usiku Tanga, je, uhuru wa dini umevunjwa?

Mleta mada (Chumbageni)
Wakuu, heshima kwenu. Hoja hii kila ikiguswa inaishia kwenye matusi, basi leo tuijadili kwa vifungu. Tuseme mtendaji wa mtaa anatangaza kwamba spika za nje za misikiti na makanisa zizimwe kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Uhuru wa kuabudu umevunjwa? Mtaa ni wa kufikirika, msitaje msikiti wala kanisa la mtu. Mimi nasema haujavunjwa. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani na ibada, lakini ibara ya 30 inakataza haki ya mmoja kutumika kuingilia ya mwingine. Hata jirani aliye usingizini ni raia.

Karani wa Masjala
Mkuu, umekimbilia ibara ya 30 kabla ya kuuliza nani ametoa amri. Mtendaji wa mtaa hatungi sheria. Sheria ndogo hutungwa na Halmashauri ya Jiji, na tangazo la mdomo halina nguvu hiyo.

Sasa njoo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976. Ibara yake ya 18 inatenganisha mambo mawili. Imani yenyewe haiguswi, hata wakati wa hali ya hatari. Kuidhihirisha imani ndiko kunakoweza kuwekewa mipaka, na mpaka wenyewe lazima uwe umo kwenye sheria, uwe wa lazima, na uwe kwa ajili ya usalama wa umma, utulivu, afya, maadili au haki za wengine. Usalama wa taifa haumo kwenye orodha hiyo, ingawa wanasiasa hupenda kuuchomeka. Maoni ya Jumla namba 22 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1993, yanaongeza kwamba mpaka ulingane na tatizo, na usibague.

Kwa hiyo amri ya mleta mada inaanguka kwenye sharti la kwanza. Hatujafika hata kwenye kelele.

Ustadh wa Makorora
Na ikitungwa vizuri itaanguka kwenye ubaguzi. Alfajiri ya Tanga huingia mnamo saa 11. Ukisema saa 12, umefuta adhana moja kati ya tano kila siku iendayo kwa Mungu, wakati ibada kuu ya Jumapili ya wenzetu haijaguswa. Kwenye karatasi ni sheria ya wote, mtaani inamwangukia mmoja. Na adhana yenyewe ni dakika tatu nne tu. Vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku, vinakesha na sabufa mpaka kunakucha, mbona amri haivitaji?

Mama Mikanjuni
Ustadh, adhana sina ugomvi nayo. Tatizo ni kile kinachokuja kabla yake na baada yake, kisomo cha kurekodi saa nzima kabla ya watu kuamka, mawaidha ya kurudiwa. Na upande wa pili mkesha wa Ijumaa kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11, ngoma, kinanda na mapepo yanakemewa kwa maikrofoni. Mwenye mgonjwa ndani afanyeje? Kulala nako ni afya, na afya imo kwenye orodha ya Karani.

Ustadh wa Makorora
Hapo nakuelewa, shangazi. Ila nani ataamua kwamba adhana ni ibada na kisomo si ibada? Ibara ya 19(2) inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Afisa akianza kuchambua kipi ni nguzo na kipi ni nyongeza, kesho atachambua mahubiri.

Fundi wa Ngamiani
Basi asichambue, apime sauti. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2015 zinaweka viwango kwa aina ya eneo, usiku chini kuliko mchana. Kipimo hakijui Kiarabu wala Kiswahili.

Hesabu iko hivi. Honi, yaani zile spika za nje za mdomo mpana, nyingi hutoa karibu desibeli 110 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, ukisimama mita 1. Kila umbali unapozidishwa mara mbili pasipo kizuizi, unapoteza desibeli 6. Mita 64 umebaki na 74. Lisha honi hiyo wati 30, ongeza karibu 15, sasa ni 89 kwenye dirisha la jirani. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa Ulaya wa 2009, linapendekeza usiku nje ya nyumba isizidi wastani wa desibeli 40. Wastani wa usiku mzima, si sauti ya dakika moja, kwa hiyo adhana fupi na mkesha wa saa nane havilingani hata vikiwa na sauti ileile.

Kinachoharibu zaidi ni ufungaji. Honi nne za omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na omu zikipungua mzigo unaongezeka. Amplifaya ya omu 8 inaelemewa, inakoroma, na mkoromo ndio unaotoboa masikio. Msikilizaji analalamika haelewi maneno, mwenye spika anaongeza sauti. Punguza honi, ziinamishe kidogo zielekee waumini badala ya kupiga juu ya mapaa, weka alama kwenye kitufe cha sauti isipitwe usiku. Spika za ndani ziachwe.

Mleta mada (Chumbageni)
Fundi amenisogeza. Naondoa neno "kuzima", naweka "kiwango", na vigodoro viingie humohumo. Saa nazo zifutwe, kiwango cha usiku kinatosha.

Mtu wa Kiomoni
Mnazungumza kama dini ni zile zenye umeme tu. Wapo wanaokwenda kutambika kwenye mapango ya Amboni, hawana spika. Kuwawekea geti ni kikwazo kikubwa kuliko kupunguziwa sauti. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua kesi ya Waendorois dhidi ya Kenya, uamuzi uliotangazwa 2010: kuwazuia kufika maeneo yao matakatifu ya Ziwa Bogoria kulivunja ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayolinda uhuru wa dini.

Mama Mikanjuni
Sawa, lakini mtu akionewa, kwa spika au kwa geti, anaanzia wapi? Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, si aende huko?

Karani wa Masjala
Haendi moja kwa moja, shangazi. Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu watu binafsi kushtaki pale mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na kuondolewa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama iko nchini kwetu na mlango wake kwa raia umefungwa.

Aanze na barua halmashauri, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wengi hukwama baadaye kwa kukosa nakala hiyo. Malalamiko ya kelele yaende Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yakitaja tarehe, saa na mahali, siyo "kila siku wanapiga kelele". Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea, mradi shauri halipo mahakamani. Kisha Mahakama Kuu, chini ya sheria ya 1994 ya utekelezaji wa haki za msingi. Tangu marekebisho ya 2020 lazima uape kiapo kinachoonyesha wewe mwenyewe umeathirikaje, na uwe umemaliza njia nyingine. Hapo ndipo maombi ya "kwa niaba ya waumini wote" yanapokwama.

Ukishindwa mpaka mwisho wa ngazi za ndani, andika Tume ya Afrika iliyoko Banjul. Hiyo bado inapokea barua za watu binafsi, na yenyewe inaweza kulipeleka shauri Arusha. Ila usikae miaka baada ya hukumu, watakuuliza ulikuwa wapi.

Ustadh wa Makorora
Kiwango nakikubali, kwa sharti moja: kipimo kianze kwenye kigodoro.