Pilau ya watu 22, mpishi ni mimi. Nianzie wapi?

Bachela wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mdomo umeniponza. Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, mtu alisema mabachela hatujui kupika zaidi ya chipsi mayai. Nikajibu: Jumamosi usiku njooni kwangu mle pilau. Nilidhani watakuja sita. Mpaka leo mchana waliothibitisha ni 22.

Huwa napika pilau ya nusu kilo na inatoka safi. Jiko langu ni mtungi mdogo wa kilo 6, sufuria inakaa juu yake. Nimepiga hesabu: nusu kilo inakula vikombe 4 vya maji, basi kilo 4 ni vikombe 32, na viungo nazidisha mara 8. Niko sawa? Mama yuko Tanga. Nilipomweleza alicheka mpaka salio likaisha.

Kijiwe Namba 3
Ndugu, mama ntilie wapo kwa ajili ya watu kama wewe. Lipia, hamishia kwenye sufuria yako, jipake masizi usoni, kazi imeisha.

Mama Shughuli
Usimsikilize huyo. Mwanangu, kwenye mchele uko sawa, kilo 1 inashibisha watu 5 mpaka 6. Nyama nayo weka kilo 4, maana watu huwa wanahesabu nyama, hawahesabu mchele.

Maji ndiyo yatakayokuaibisha. Sufuria kubwa haipotezi maji mara 8 ya ndogo, kwa hiyo ukizidisha hivyo utawalisha bokoboko. Achana na vikombe. Mchele ukishaingia kwenye supu, simamisha kidole juu yake: supu ipande pingili moja, basi. Ikipungua utaongeza maji ya moto, ikizidi huna la kufanya. Na hiyo supu, kabla ya mchele, chumvi yake izidi kidogo ile unayopenda, mchele utainywa. Bizari nyembamba anza na vijiko 4 vya chakula, uonje. Karafuu usithubutu kuzidisha mara 8, pilau itanukia dawa ya jino.

Sasa vitunguu, hapo ndipo rangi ilipo. Ukimimina kilo 2 kwa mkupuo vitatoa maji na kuchemka, havitakaangika. Vikaange kwa mafungu matatu, mafuta ya kutosha, mpaka viwe rangi ya tende. Vikifika hapo usigeuke hata kupokea simu, kutoka tende mpaka chungu ni dakika moja. Nyunyizia maji kidogo, utaona rangi inavyotoka.

Huo mtungi usahau. Sufuria ya watu 22 itayumba juu yake na moto utapiga katikati tu. Azima sufuria ya shughuli na jiko kubwa la mkaa. Pilau ikikaribia kukauka punguza moto wa chini, funika, palia mkaa juu ya mfuniko. Nusu saa. Usifunuefunue.

Jirani Mwema
Naongezea kwa Mama: hilo jiko likae nje, uani. Usije ukaliingiza ndani eti mvua, hewa ya mkaa inaua mtu kimyakimya. Na kachumbari, kitunguu ukishakikata kitie chumvi, kifikiche, suuza mara mbili ukali utoke. Ndimu tia watu wakiwa wameshakaa, la sivyo nyanya zinatoa maji zote.

Bachela wa Tabata
Mrejesho, wakuu. Walikuja 27.

Niliwasha moto saa 9 alasiri nikijiona mjanja. Vitunguu peke yake vilinila saa nzima, lakini rangi ilitoka mpaka mpangaji mwenzangu akaja kuuliza kuna msiba wa nani. Kidole nilisimamisha. Mama, hukusema pingili ya nani, mimi vidole vyangu ni virefu, ila ilikaa.

Kilichoniangusha ni upepo. Jiko lilikuwa karibu na geti, moto ukawa unaegemea ukutani. Nafunua saa 2 usiku: upande wa ukuta umeiva, punje mojamoja, upande wa geti mchele una kiini. Watu 27 wananitazama. Nikanyunyizia maji ya moto upande ule, nikageuza sufuria, nikapalia upya dakika 20. Kufika hapo kachumbari ilikuwa imeshaliwa yote, tupu, kwa mikono. Tumekula saa 3 na nusu. Yule aliyesema chipsi mayai aliongeza mara mbili, na sahani ya tatu akaifunga aende nayo.

Sasa nina tatizo jipya. Sufuria ni ya watu, inatakiwa kesho saa 2 asubuhi, na upande wa ukuta ukoko umeganda kama lami. Nimekwangua na kijiko, kijiko kimepinda.

Mama Shughuli
Usikwangue. Jaza maji yafunike ukoko, rudisha kwenye moto mdogo yachemke, kisha ulale. Asubuhi utanyanyuka wenyewe. Ukibaki, tumia majivu ya mkaa wako na kipande cha gunia. Na mama yako ameonja?

Bachela wa Tabata
Nimemtumia picha. Kajibu: "Huyo aliyepika ni nani?"