Cub Cadet 122 inazima ikishapata moto: ni petroli au umeme?

Mkata_Nyasi:
Wakuu, salaam. Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana tulinunua nyumba nje kidogo ya mji, kiwanja ekari moja na nusu, nyasi tupu. Ile mashine ya kusukuma nilihangaika nayo Jumamosi mbili nikanyoosha mikono. Mzee jirani, alikuwa anahamia kwa binti yake, akanifungulia banda: trekta dogo la bustani, Cub Cadet 122, njano na nyeupe, la International Harvester, katikati ya miaka ya 60. Nikatoa dola 350, nikapewa na deki ya kukatia nyasi ya inchi 42, bleidi ya theluji na minyororo ya matairi. Mke wangu alipoliona akauliza kama nimeleta mke mwenza aliyemzidi umri.

Marehemu baba alikuwa dereva wa Massey Ferguson kwenye mashamba ya miwa Kilombero, kwa hiyo mbele ya chuma kama hiki mimi sina ujanja. Klachi ya kweli, gia tatu za mbele na moja ya nyuma, nguvu inakwenda nyuma kwa shafti, siyo kwa mkanda. Injini ni Kohler K301, silinda moja, nguvu za farasi 12.

Tatizo sasa. Asubuhi linawaka selfu ya kwanza. Nakata nyasi kama dakika 25, linaanza kukohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Hapo hata ulibembeleze vipi haliwaki. Naingia ndani, nakunywa chai, nikirudi baada ya dakika 40 linawaka kama si lenyewe. Nimeshaweka petroli mpya, filta mpya, plagi mpya, na kabureta nimefungua bakuli nikasafisha jeti. Wapi. Kiwanja nakikata asubuhi, mchana na jioni kama dozi. Nawasilisha.

Boss_Dallas:
Mkuu, hiyo peleka makumbusho. Nenda dukani chukua mpya kwa mkopo, upumzike.

Mkata_Nyasi:
Boss, mpya za kiwango cha mfuko wangu bati lake ukiliegemea linabonyea. Huyu ana miaka 60 na bado boneti unaweza kuikalia. Wewe pita tu, kaka.

Fundi_Mbarali:
Mimi niko Mbarali, natengeneza pawatila za wakulima wa mpunga. Hizo ni dizeli, lakini jenereta na pampu za maji za petroli zinapita kwangu kila siku. Kabla hujafungua kitu, angalia kifuniko cha tanki. Kina tundu la kupumulia. Likiziba, petroli inavyopungua hewa haiingii, mwisho petroli inagoma kushuka. Mashine inazima. Ukiiacha, hewa inapenya taratibu, inawaka tena. Ukafikiri ni moto kumbe ni pumzi. Likizima safari ijayo, legeza kifuniko. Ukisikia "fyuu", mwizi umemkamata. Juzi kuna mteja kaleta pampu, keshabadilisha kabureta mbili. Kumbe alifunika tanki kwa mfuko wa nailoni, akakaza kifuniko juu yake, ili petroli isimwagike kwenye bodaboda.

MamaK_Ohio:
Mkata Nyasi, trekta lako nalipa shikamoo, limenizidi umri. Nina Wheel Horse mbili, nazo ni matrekta madogo ya bustani, zote zina Kohler za ukoo huo huo wa K, na mume wangu hagusi hata spana, kwa hiyo fundi ni mimi.

Fundi wa Mbarali kasema kweli, anza na kifuniko, ni bure. Ila usiendelee kununua vitu kwa kukisia. Injini itakwambia yenyewe inachoumwa, lakini inasema ndani ya dakika mbili za kwanza baada ya kuzima. Wewe hapo uko jikoni. Hiyo chai ndiyo inayokupotezea ushahidi.

Tembea na plagi ya ziada mfukoni. Likizima, weka gia huru, hakikisha visu vya deki vimekatwa. Plagi iliyomo iache palepale ili mvuke wa petroli usitoke. Chomoa waya wake, uchomeke kwenye ile ya mfukoni, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tanki, piga selfu. Cheche ya buluu inayolia ta, ta, ta: umeme uko salama, rudi kwenye petroli. Cheche ya njano iliyokonda, au giza kabisa: mshukiwa ni kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue) au koili (inayokuza umeme wa plagi). Hivyo viwili vikipata joto vinachanganyikiwa, vikipoa vinajirudi.

Anza na kondensa, ndiyo rahisi. Pointi nazo, vile vibati viwili vinavyounga na kukata umeme wa koili, usiziogope. Kwenye K ziko nje, pembeni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo cha bati, huhitaji kung'oa flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Zungusha injini mpaka zifunguke mwisho wake, weka nafasi ya inchi 0.020, yaani nusu milimita. Plagi ni 0.035.

Na jambo ambalo hujauliza: fungua bati linaloelekeza upepo wa feni kwenye silinda. Trekta lililolala bandani wakati wa baridi halilali peke yake.

Halafu oili. Injini hii haina pampu ya oili. Kuna kijiko tu kwenye konrodi (mkono unaoshika pistoni), kinachota na kurusha. Oili ikipungua, au ukining'inia kwenye mteremko mkali, kijiko kinachota hewa. Yangu ya kwanza niliiua hivyo. Ililia kama mtu katupa nyundo ndani ya sufuria, na konrodi ikachungulia nje kupitia ubavuni mwa bloku. Pima kila unapotaka kuwasha. Mimi kiangazi natumia SAE 30.

Una watoto? Matrekta ya miaka hiyo hayana swichi ya kwenye kiti. Ukianguka, visu vinaendelea na kazi.

Mkata_Nyasi:
Mrejesho, wakuu. Jumamosi limezima dakika ya 24. Nimelegeza kifuniko: kimya, hakuna fyuu. Samahani Mbarali. Nikatoa plagi mfukoni. Cheche ilikuwa njano, nyembamba kama uzi, ikatokea mara mbili ikapotea. Dada, umeona mpaka huku toka Ohio!

Pointi zilikuwa zimeungua, upande mmoja kishimo, upande wa pili kichuguu. Nikaweka mpya pamoja na kondensa. Halafu nikafungua lile bati. Jamani. Majani makavu, sponji ya kiti (kumbe ndiyo maana kiti kimebonyea!) na njugu za mwaloni 31, nimezihesabu na binti yangu. Upande mzima wa silinda mapezi ya kupoozea hayaonekani.

Jumapili nimekata kiwanja chote, saa moja na dakika kumi, bila kuzima.

MamaK_Ohio:
Hongera. Ila umetibu magonjwa mawili kwa mpigo, sasa hatutajua lipi lilikuwa linaua.

Mkata_Nyasi:
Dada, hilo neno lilininyima usingizi. Jana nimerudisha kondensa ya zamani, pointi nimeacha mpya, silinda ikiwa safi. Limezima dakika ya 52. Cheche njano ile ile. Kwa hiyo kondensa ilikuwa mgonjwa, na panya walikuwa wanampika. Mpya imerudi mahali pake, na ya zamani nimeipigilia msumari ukutani gereji.

Swali la mwisho kabla ya Novemba: minyororo ya theluji inatosha peke yake, au niongeze uzito matairi ya nyuma?

MamaK_Ohio:
Ongeza. Tafuta vile vyuma vya mviringo vinavyofungwa kwenye rimu. Bila uzito, bleidi ikikutana na theluji iliyoganda, minyororo itakuchimbia mashimo tu.

Fundi_Mbarali:
Mimi nauliza, zile njugu 31 umewarudishia wenyewe?

Mkata_Nyasi:
Binti kaziweka kwenye kisiki nyuma ya banda. Asubuhi hazikuwepo. Bati nimeliwekea wavu.