Siku ya tisa Mbeya, nashindwa kuvuka Kasumulu

Binti wa Pangani:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Nilitoka Tanga na begi moja la mgongoni, nikapita Morogoro na Iringa, sasa niko Mbeya. Nilipanga kulala hapa siku mbili, nivuke mpaka wa Kasumulu niingie Malawi, niteremke kando ya Ziwa Nyasa hadi Nkhata Bay. Leo ni siku ya tisa. Asubuhi nafunga begi, jioni nalifungua. Mama mwenye gesti kashanizoea, chai ananiletea kabla sijaomba.

Sijawahi kutoka nje ya nchi. Pasipoti ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo. Kuna kijana stendi anasema ana basi la moja kwa moja hadi Mzuzu, kule Malawi, nilipe leo tuondoke kesho. Nimpe? Pesa nibadilishe wapi? Na nyie mnaosafiri sana, mnajuaje kwamba hapa panatosha, sasa niende mbele?

Utingo wa Zamani:

Usimpe hata mia. Panda kosta ya Kyela, mwambie konda akushushe njia panda ya mpakani, hapo bodaboda ziko tele. Ukishavuka mto Songwe, ndio mpaka wenyewe, upande wa Malawi utapata gari la Karonga. Nauli lipa ukishakaa kwenye kiti, si kabla.

Mwalimu wa Likizo:

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni mwalimu wa msingi Iringa, na kila likizo ndefu navaa begi naondoka. Kasumulu nimevuka mara nne. Ya kwanza, mwaka 2019, ilinitoa machozi, kwa hiyo nisome taratibu.

Huyo kijana wa stendi namjua, ingawa si yeye yule. Wa kwangu alinikatia karatasi yenye mhuri, imeandikwa Karonga kwa kalamu nyekundu. Kosta ikanishusha mpakani ikageuza. Upande wa pili nikamwonyesha kila dereva ile karatasi, hakuna aliyeitambua. Nikalipa tena.

Sasa pesa. Ukifika mpakani watakuzunguka vijana wenye mabunda ya noti. Mimi nilihesabiwa kwacha mbele ya macho yangu, nikahesabu naye kwa sauti, hesabu ikatimia. Nilipofika Karonga kulipia nsima (ugali wao) ndipo nikaona ni nusu. Noti zilikuwa zimekunjwa katikati, ncha zote mbili zinatazama juu, kidole gumba kinaruka juu yake, kila noti inahesabika mara mbili. Tangu siku hiyo nabadilisha ya nauli na chakula cha siku moja tu. Nazipokea kwanza, nazinyoosha moja moja juu ya paja, halafu ndiyo natoa shilingi zangu. Akikataa nizishike kabla, namwacha aende. Bei yake ikiwa nzuri kupita wenzake wote, namwacha pia.

Vuka asubuhi. Usitoke Mbeya ukategemea kufika Mzuzu siku hiyohiyo. Kutoka Karonga peke yake ni zaidi ya kilomita 200, na magari ya kule yanasubiri yajae. Lala Tukuyu au Kyela, uamke uende. Ukigongewa mhuri usiondoke dirishani kabla hujasoma tarehe na siku ulizoandikiwa. Kadi ya manjano iweke karibu, mimi niliulizwa mara mbili kati ya hizo nne.

Saa nayo inakuchanganya. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja: saa tatu ya Kasumulu ni saa mbili ya ng'ambo ya mto. Halafu wao hawahesabu kama sisi. Ukisikia gari linaondoka "eight koloko", hiyo ni saa mbili asubuhi. Niliwahi kuachwa na gari Karonga kwa ajili hiyo, nimekaa nakunywa chai na mandasi (ndiyo, maandazi yetu yaleyale) nikidhani muda bado.

Nimebakiza swali lako la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Sioni kama Mbeya haijakutosha. Mtu ambaye mji haujamtosha hafungi begi kila asubuhi. Wewe unauogopa mto, na mto utakuwa palepale hata ukikaa mwezi. Mimi hujipima hivi: nikiamka nikawa na kitu ninachotaka kukiona hapo nilipo, nabaki. Je, ziwa Ngozi umepanda? Matema umefika? Kama unavitamani, nenda, huo si woga. Kama hapana, kesho muage mama wa gesti vizuri, kaa naye unywe chai yake hadi mwisho, upande gari la Tukuyu. Ni safari ya saa mbili hivi, huvuki chochote. Ukilala pale kwenye baridi na migomba, Kasumulu itakuwa imebaki kipande kidogo tu.

Wa Karonga:

Mwalimu kasema kweli tupu. Mimi ni Mngonde wa Karonga, nilisoma Kyela kwa mjomba. Dada usihofu lugha. Sisi na Wanyakyusa tunasikilizana, na Kiswahili sokoni Karonga utakisikia kila kona. Ukipita Chitimba kuelekea Mzuzu ndipo kinapungua. Hapo sema "yewo" kwa asante na watakupokea vizuri.

Mto Songwe wenyewe mafuriko yakija huhama njia. Kuna wazee kwetu walilala shamba likiwa Malawi wakaamka liko Tanzania. Kwa hiyo unavuka mto ambao haujui mpaka uko wapi.

Usipange safari kwa kuitegemea meli ya Ilala. Ni ya tangu 1951, kuna nyakati inalala bandarini muda mrefu. Panga barabara; ukiikuta inatembea, shukuru. M-Pesa yako huku haitolei pesa, kwa hiyo hesabu taslimu yako mapema. Na mjini Karonga ukichoka kutembea ita kabaza, ni baiskeli ya abiria. Patana bei kabla hujakaa.

Binti wa Pangani:

Nimewasoma usiku kucha. Nimeaga. Mama wa gesti kanifungia ndizi za kuchemsha na parachichi mbili. Nilipomlipa siku ya tisa akairudisha, akasema hiyo nikanywee soda Malawi.

Niko Tukuyu, mvua inanyesha.

Binti wa Pangani:

Mwalimu, nimenyoosha noti juu ya paja. Wa kwanza alikasirika akaondoka. Wa pili alikuwa mzee, akaziweka mkononi mwangu mwenyewe, nikazihesabu mara tatu, zikatimia.

Darajani nilisimama katikati. Maji ya kahawia, kuna mama anafua upande wa kwetu na mwingine anafua ng'ambo, wanasemezana. Sikuelewa neno. Nikaenda.

Wa Karonga, kwenu joto. Nimekula nsima na usipa (dagaa wa ziwani), kabaza kanipeleka hadi kwenye makumbusho yenye dinosaria. Gari la Mzuzu kesho "seven koloko" ya huku, yaani saa moja asubuhi kwa kuhesabu kwetu. Nimebadilisha saa ya simu tayari.