Tupeane uzoefu: siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wa kwanza

Mama wa Magomeni

Habari zenu kina mama, na kina baba mliomo. Mwanangu ana miezi mitano, amelala hapa pembeni yangu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Nilipokuwa na mimba kila mtu alinisimulia uchungu: mama mkwe, mashosti, hadi dada anayenisuka. Siku ya tatu hakuna aliyenigusia.

Uchungu ulinishika saa nane usiku, mwezi wa nne, masika yamechachamaa. Begi lilikuwa tayari: khanga doti tatu, mpira wa kutandika, pamba, glovu, beseni, kadi ya kliniki juu kabisa. Bajaji ya jirani ikatupakia, kufika Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa. Ikabidi tuzungukie Kinondoni tutokee Salender, na kila tuta nalihisi kiunoni. Nilipopimwa njia ilikuwa sentimita 4. Nikajifungua saa kumi na moja jioni, mtoto wa kike, kilo 3.1. Mkunga alimlaza kifuani kwangu kabla hata hajamfuta vizuri, na saa haijaisha akawa ameshika ziwa. Yalitoka matone tu, mazito, ya njano. Nililia kwa furaha. Kesho yake tukaruhusiwa.

Siku ya tatu niliamka matiti yamekuwa mawe. Ngozi inang'aa, chuchu imezama kabisa, mtoto akijaribu kushika anateleza, analia, na mimi nalia. Sebuleni wageni wamejaa, wanakunywa soda, kila baada ya dakika kumi mmoja anaingia: "Hebu nimuone mwali." Mama mkwe akasema mzazi halii, maziwa yatakauka. Basi nikaogopa hata kulia, nikawa nimejifunika khanga usoni.

Aliyeniokoa ni mama mdogo. Aliingia, akafunga mlango kwa komeo, akaomba maji ya uvuguvugu na kitambaa. Akanikanda taratibu, akaniambia nikamue kidogo kwa vidole, si ili yaishe, ni ili ziwa lilainike hapo mbele. Kisha akamgeuza mtoto tumbo lake likagusa tumbo langu, pua ikawa mbele ya chuchu. Akasubiri. Mtoto alipoachama kinywa chote, akamsogeza upesi, na ule weusi wa ziwa ukaingia, si chuchu peke yake. Nikasikia anameza. Ku, ku, ku. Halafu ndipo mama mdogo akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Sikuwa nimekula.

Yenu ilikuwaje?

Mzazi wa Temeke

Mimi siku ya tatu nilikuwa bado wodini, nimezaa kwa operesheni. Kitu ambacho sitasahau ni safari ya kwanza ya chooni. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Nikikohoa nahisi mshono unaachia. Dada wa kitanda cha jirani, naye mzazi mpya, akanikunjia khanga ikawa kama mto, akasema ukitaka kukohoa ibane hapo tumboni. Kweli maumivu yalipungua. Jina lake hata sikulijua.

Nyumbani bibi akataka anikande kwa maji ya moto kama walivyokandwa wao. Nikamwambia bibi, nisamehe, nesi amesema kidonda kikae kikavu. Akanuna siku mbili. Lakini kilichoniuma zaidi ni shemeji aliyesema mbele za watu eti mimi sijazaa, nimepasuliwa. Jamani, msiwaambie wenzenu maneno hayo. Nilikuwa nimekaa na uchungu saa 19 kabla ya hicho kisu, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Nimezaa.

Mama pacha, Ukonga

Siku ya tatu siikumbuki kabisa, walikuwa wawili. Ila wanaoajiriwa msome hapa: kazini walinipa siku 84 za likizo ya uzazi, nikashukuru na kurudi. Baadaye ndipo nikajua sheria ya ajira inatoa siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Siku 16 za wanangu zilipotea hivihivi. Ulizeni mapema.

Baba wa Mbagala

Naomba niseme kwa upande wetu. Likizo yangu ilikuwa siku tatu, kwa hiyo siku ya nne alfajiri niko kwenye foleni ya Mbagala, najua nimemwacha mke analia na sijui analilia nini. Nilidhani nimemkosea. Nilichoweza ni usiku: nikirudi nafua nepi zote, namwogesha mtoto, nampokea akishanyonya nimcheulishe, mama alale. Kitovu nilikiogopa kuliko kitu chochote. Jirani alileta majivu eti kipakwe kikauke haraka. Kliniki walisema kisipakwe chochote cha kienyeji, nepi ikunjwe chini yake kipate hewa. Kilidondoka siku ya nane, nikiwa nimemshika mimi.

Mkunga mstaafu, Kinondoni

Wanangu, nimewasoma wote. Huyo aliyeambiwa maziwa hukauka kwa kulia, si kweli. Maziwa hupungua mtoto asiponyonya. Na hicho kilio kina sababu yake: kondo la nyuma likishatoka, homoni za mimba zinaporomoka ghafla, na siku hiyohiyo ya pili au ya tatu maziwa ndiyo yanajaa, usingizi hakuna, sehemu ulizoshonwa zinavuta. Wazazi wengi hulia wiki ya kwanza na hupita chenyewe. Kikizidi wiki mbili, au ukijiona humtaki mtoto, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hiyo ni hali inayotibika. Mwambie mtu na uende kituoni siku hiyohiyo.

Jingine, mahudhurio. Watu wanadhani kliniki ni ya mtoto na chanjo zake za wiki ya 6. Mama naye anatakiwa aonwe: ndani ya saa 48, kati ya siku ya 3 na ya 7, kisha kabla ya siku ya 28, halafu siku ya 42. Usisubiri tarehe kama pedi inajaa ndani ya saa moja, una homa, unatoka uchafu unaonuka, au kichwa kinakugonga na macho yanaona maruwerue. Mtoto naye akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, au manjano yakifika hadi nyayoni, mkimbize. Arobaini isiwafungie ndani.

Mama wa Kigamboni

Shikamoo mama mkunga. Mimi wangu alikuwa njiti, wiki 32, kilo 1.6. Siku ya tatu ndiyo nilimshika kwa mara ya kwanza. Wakamvua, wakambakiza nepi na kofia, wakamweka katikati ya matiti yangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja na khanga. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilichungulia nihakikishe yupo. Maziwa nilikamua kwenye kikombe, yakampita kwa mpira wa puani. Mara ya kwanza nilipata mililita 2 na nikataka kuyaficha kwa aibu. Nesi akasema hizo 2 ni zake, lete. Dada yangu alikuwa anavuka na pantoni kila asubuhi na chupa ya uji wa pilipili manga. Leo ana mwaka mmoja na nusu, anakimbia.

Mjamzito wa wiki 36

Nasoma huku nalia. Ni mimba yangu ya kwanza, mama yangu ni marehemu, mume yuko machimboni Geita, atakuja siku chache tu. Begi nimeshapanga. Niandae nini kwa hiyo siku ya tatu?

Mama wa Magomeni

Mdogo wangu, pole sana kwa mama. Pika vitu vya kukaa kwenye friji, tafuta beseni la pili kwa ajili yako mwenyewe la kujisafishia na maji ya uvuguvugu, na chagua mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukaa mlangoni na kuwaambia wageni waje wiki ijayo. Mtu huyo asikuonee aibu ukiwa kifua wazi.

Nimemsomea mama mdogo ulichoandika. Anauliza unakaa upande gani.

Mjamzito wa wiki 36

Manzese, karibu na Darajani.

Mama wa Magomeni

Anasema hapo ni vituo vichache tu kwa mwendokasi. Nitumie namba yako faragha, na siku ukijifungua nitaarifu. Anakuja na kitambaa chake.